Ticha Aliyeshuku Balbu

Yule mzee alikuwa haamini kwamba maneno mawili yanaweza kuwa na maana moja. Alisema ukikutana na maneno mawili yaliyovaa nguo za kufanana, ujue moja linaficha kitu, na kazi ya mwanafunzi ni kulipekua mifuko. Hivyo ndivyo alivyotufundisha Kiingereza pale Bunda, kama askari wa kizuizi cha barabarani, na hivyo ndivyo alivyoishi na watu.

Sisi tulimwita Ticha. Huku Mara ukisema "Mwalimu" bila kuongeza kitu, watu wanajua unamsema mtu mmoja tu, yule aliyezikwa Butiama, kwa hiyo walimu wengine wote inabidi watafutiwe namna nyingine ya kuitwa.

Alikuwa mrefu, mkavu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata jua likiwa kali, na mfuko wa kifuani daima una vumbi la chaki. Akiletewa chai ofisini alikuwa hainywi mpaka aliyeileta akae naye kidogo. Saa yake akishairekebisha kwa redio, alimuuliza pia mlinzi, kisha alimtafuta mtu mwingine ambaye hajaonana na mlinzi. Kwenye mitihani alisimamia akiwa nyuma yetu, si mbele, kwa maelezo kwamba mtu anayeibia anaogopa zaidi macho asiyojua yameelekea wapi. Hata hivyo mlango wa nyumba yake ulikuwa haufungwi. Tulipomuuliza alisema mwizi akikuta mlango wazi anadhani ni mtego, anaondoka. Sijui kama ni kweli, ila sikusikia kwamba aliwahi kuibiwa.

Na mtu huyohuyo asiyeamini chai ya wenzake, mkewe alipougua alimnywesha uji kwa kijiko nje ya nyumba, wanafunzi tukipita na kuona, na hakuona aibu. Karatasi ya dawa alizopewa mama yule aliisoma yote, mbele na nyuma, kisha akarudi kumuuliza mganga wa hospitali kwa nini hiki kimeandikwa hivi. Wauguzi walimkimbia. Lakini nakumbuka pia kwamba mama alipofariki, Ticha ndiye aliyetufundisha kesho yake baada ya mazishi kipindi cha asubuhi, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

Somo lake ninalolikumbuka kuliko yote lilikuwa la giza. Tulikuwa tumeandika insha kuhusu safari, na kila mmoja wetu, akifika mwisho, alikuwa ameandika "It was dark". Ticha alizirudisha zote. Aliuliza giza gani. Kijana mmoja wa nyuma akajibu kwamba giza ni giza. Ticha akasema giza ni giza kwa mtu asiyetaka kuona, akageuka ubaoni akaanza kuandika.

Dim, alisema, ni ya taa iliyochoka. Dusk ni saa ile ng'ombe wanaingia zizini, bado unamtambua wako kwa pembe lakini si kwa rangi. Gloomy ni ya chumba chenye msiba, au ya uso wa mtu aliyetoka humo. Murky ni ya maji ya ziwa baada ya mvua, yanapokuwa yamebeba udongo wa mashamba ya pamba hata mkono wako mwenyewe unapotea ukiuzamisha. Shade unaikalia, shadow inakufuata. Kisha akaja kwenye vitenzi, kwa sababu giza, alisema, halikai tu, linafanya kazi. Kitu kinaweza ku-fade chenyewe, taratibu, pasipo mkosaji. Lakini to darken, na hapo alibonyeza chaki mpaka ikakatika, hiyo mkiiona ulizeni nani amefanya.

Baadaye maishani nilikuja kujua kwamba hata hilo linatokea lenyewe. Mbingu zina-darken na hakuna mtu aliyezigusa. Lakini Ticha hakupenda kitu kitokee bila mtu.

Siku ile mimi nilinyoosha mkono nikasema Kiswahili nacho kina neno la giza lisilokamilika, kina utusitusi. Akaja mpaka kwenye dawati langu.

"Nani kwenu anasema utusitusi?"

Kwetu tulikuwa tunaongea Kijita.

"Umelitoa kwenye kamusi," akasema. "Neno ambalo hamjala nalo ugali nyumbani kwenu, usiliamini bado."

Mwenzetu mwingine, mtoto wa wafugaji wa Mugeta, aliuliza kama kuna neno la ng'ombe mwenye rangi iliyo katikati ya kijivu na nyeusi. Ticha akampa: dusky. Wiki iliyofuata yule mwenzetu akaandika kwenye insha kwamba baba yake ana ng'ombe dusky ambaye anapendwa kuliko wote. Ilikuwa sentensi nzuri, nzuri kupita kiasi kwa macho ya Ticha. Jumamosi akapanda baiskeli mpaka Mugeta kumwangalia huyo ng'ombe. Familia ilimchinjia kuku ikidhani amekuja kwa heshima. Jumatatu alisimama mbele ya darasa akatangaza: ng'ombe yupo, lakini ni brown. Akampa alama zote isipokuwa ya rangi.

Nimeanza na mambo hayo ya Bunda ili ieleweke kwamba yaliyokuja baadaye hayakuanzia hewani. Ticha alishuku tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba uzeeni alipata sababu, na sababu yenyewe hakuijua.

Mimi niliolewa Musoma, nikafungua steshenari ndogo karibu na stendi: kutoa kopi, kuchapa barua, kuuza madaftari na peni. Yeye alistaafu akajenga mtaa wa Kamunyonge, hapohapo Musoma, na alasiri alifundisha tuisheni barazani kwake, wanafunzi wa sekondari wakiwa wamekaa kwenye mabenchi mbele ya ubao mweusi aliouegemeza ukutani. Dada yake, mdogo wake wa kufuatana, mjane, alitoka Butiama akaja kumwangalia na kumpikia. Tulimwita Mama Nyangeta. Alikuja na kuku wake na redio yake, na alikuwa mtu wa kucheka kabla hajamaliza kuhadithia kinachochekesha. Nyumba ile ikawa na sauti.

Kitu cha kwanza Ticha alichokishuku kilikuwa balbu. Alirudi nayo dukani akasema ina mwanga hafifu, akauziwa nyingine kubwa zaidi, nayo akairudisha. Mwenye duka akaiwasha mbele yake, wateja wakakinga macho. Ticha akasema dukani inawaka, nyumbani hai­waki. Kwa hiyo watu wa umeme wanaipunguzia Kamunyonge umeme na kuupeleka kwingine. Hapo alipata waliomuunga mkono, maana umeme wetu kweli una tabia zake.

Halafu ikawa zamu yangu. Alikuja na mtihani wa tuisheni nimtolee kopi. Nikatoa, akazishika juu, akazigeuza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Binti, hizi ni faint."

Nilimwambia wino nimebadilisha asubuhi. Nikamtolea nyingine, nikaongeza weusi mpaka mashine ikaanza kuacha michirizi. Akasema ni zilezile. Akaniuliza taratibu, kwa ule utulivu wake wa kusimamia mitihani, kama siku hizi tunachanganya wino na kitu. Iliniuma. Nilikuwa mwanafunzi wake, na dukani walikuwepo watu. Akaenda steshenari nyingine, akaenda na ya tatu, kisha akarudi kwangu kusema amegundua tumekubaliana wote mjini.

Kuanzia hapo na mimi nikaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Niliona anapotoka kwangu anapapasa fremu ya mlango. Niliona viatu vyake vimechubuka puani. Majirani waliona zaidi: anatembea amegusa ukuta, anakanyaga beseni la mtu la dagaa lililoanikwa wazi njiani, anapishana na watu aliowafundisha hawasalimii. Wengine wakasema amepata kiburi. Wengi wakasema anakunywa, na kwamba ndiyo maana shati linafungwa mpaka shingoni, kuficha harufu, hoja ambayo mpaka leo sijaielewa. Mzee mmoja wa kanisa alienda kumtembelea kwa makusudi ya kumnusa. Ticha alilitambua hilo, akamwambia akimaliza kunusa anywe chai.

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa mabaya kuliko nje. Ticha alikuwa anajigonga. Leo ni kigoda, kesho ni ndoo, keshokutwa ni mlango wa kabati ulioachwa wazi. Miguu yake chini ya magoti ilikuwa na makovu mapya juu ya ya zamani. Alimwambia dada yake aache kuhamisha vitu. Mama Nyangeta akasema hajahamisha. Alicheka mwanzoni, akidhani ni utani wa uzee. Ticha akasema: kitu kilichokuwa hapa jana na leo nimekigonga, kimehamishwa, na tunaoishi humu ni wawili.

Basi mwalimu akachukua chaki. Alichora duara dogo kwenye sakafu kuzunguka kila mguu wa kigoda, na kila mahali palipokaa ndoo na stuli. Asubuhi alichuchumaa kukagua. Kigoda kilikuwa ndani ya alama zake. Mtu mwingine angeridhika. Ticha aliona kwamba dada yake anakihamisha, anamsubiri ajigonge, kisha anakirudisha mahali pake.

Mama Nyangeta ndiye aliyenionyesha zile alama, siku niliyompelekea madaftari ya wanafunzi. Alikuwa amepiga deki akizikwepa.

"Tazama, mwanangu," akaniambia. "Tumenyonya ziwa moja. Ananiwekeaga chaki kama mwizi wa stoo."

Hakuwa anacheka.

Sasa nifike kwenye neno. Alasiri moja, katikati ya kipindi, Ticha aliingia ndani kuchukua kitabu, akajigonga kwenye meza vibaya, akatoka damu. Alirudi barazani ameshika goti, amekasirika, na alipokasirika alikuwa anasema Kiingereza. Aliwaambia wanafunzi: "Somebody is darkening my house."

Alimaanisha balbu, na vitu vinavyohamishwa; alimaanisha mtu anayemfanyia hila. Lakini wale watoto walirudi nyumbani, wakaulizwa mbona Ticha ana damu, nao wakatafsiri kadiri ya uwezo wao. Walisema Ticha amesema kuna mtu anamtia giza nyumbani kwake.

Kila mtu wa kanda hii anajua sentensi kama hiyo inakwenda wapi: inakwenda kumtafuta mchawi. Nyumbani kwa Ticha kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumtia giza, mjane, mzee, aliyetoka kijijini na kuku wake. Kabla ya mwisho wa wiki, Mama Nyangeta akifika bombani wenzake wanaondoa ndoo zao. Kuku wake mweusi alikutwa amekatwa kichwa nje ya ua. Mama mmoja aliyekuwa akipokea mboga kutoka kwake alizirudisha, akaziweka chini mbele ya mlango bila kubisha hodi. Redio ikanyamaza. Sisi tulioishi huku tumeshasikia ya akina mama wazee waliofuatwa majumbani kwao kwa maneno madogo kuliko hayo.

Nilienda kwa Ticha. Nikamweleza watu wanasema nini, nikamwomba atoke awaambie hakumaanisha hivyo. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ananiangalia moja kwa moja usoni kama alivyopenda, na nilitegemea akasirike kwa jinsi neno lake lilivyotafsiriwa vibaya, yeye aliyempunja mtoto wa Mugeta alama kwa sababu ya rangi ya ng'ombe. Hakukasirika. Aliniuliza kwa sauti ya chini:

"Wewe una hakika gani kwamba si yeye?"

Mama Nyangeta alikuwa jikoni, na nyumba yenyewe haikuwa kubwa. Alisikia. Aliondoka asubuhi iliyofuata, jua limeshatoka, watu wakiwa milangoni, amebeba redio kichwani na kuku waliobaki ndani ya tenga. Aliwasalimia watu wote mpaka barabarani, mmoja mmoja, kwa majina. Wachache waliitikia. Ticha hakutoka nje.

Nyumba haikuongezeka mwanga baada ya hapo. Aliendelea kujigonga, na sasa alikuwa peke yake. Alishuku kwamba dada yake alikuwa ameacha ufunguo kwa mtu. Alibadilisha kufuli, yeye ambaye milango yake haikuwahi kufungwa. Wanafunzi wa tuisheni walipungua kwa sababu wazazi hawakutaka watoto wao wakae kwenye baraza ile. Waliobaki waliniambia anaandika ubaoni mistari inayopandana.

Iliyomaliza ubishi ilikuwa bodaboda. Ilikuwa mchana, jua la kupasua kichwa, nami nilikuwa mlangoni mwa duka langu. Ticha alisimama ukingoni mwa barabara, akaangalia mbele, akaingia. Pikipiki ilikuwa inakuja kutoka kushoto kwake, taratibu tu, dereva anapiga honi. Haikuwa imejificha popote. Ilimgusa bega, akaanguka, mitihani yake ikatawanyika. Hakuumia sana. Dereva aliyumba akasimama, akarudi, akawa anamwambia kila anayefika kwamba mzee alimwona, alimgeukia kabisa. Ticha akasema pikipiki imetokea chini ya ardhi.

Nilikuwa nimeona yote. Nilipiga magoti pembeni yake nikiokota karatasi, nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena, akatafuta sauti yangu mbele, akapitisha uso wake kulia, kisha kushoto, mpaka ukanifikia, na hapo tu ndipo akaniona. Nikafunga duka, nikampeleka hospitali, akilalamika njia nzima kwamba namteka.

Daktari wa macho alikuwa mama mtulivu. Alimkalisha, akamwambia afunike jicho moja, aangalie pua ya daktari, na akiona kidole kinacheza aseme. Mimi nilikaa ukutani. Niliona mkono wa daktari ukianzia nyuma ya sikio la Ticha, kidole kinacheza, ukija mbele taratibu. Ukapita sikio. Ukafika usawa wa shavu. Ticha amekaa wima, anasubiri kwa adabu.

"Daktari," akasema, "hujaanza?"

Daktari aliendelea mpaka kidole kilipokaribia pua. Hapo Ticha akasema anakiona. Wakafanya jicho la pili. Ticha akatoa kiganja usoni, akamwambia daktari kwamba anakificha kidole, na kwamba anajua hospitali zinavyotafuta wagonjwa. Daktari akamwambia amchague mtu anayemwamini afanye badala yake. Chumbani tulikuwa watatu.

"Binti," Ticha akasema, "fanya wewe."

Nilinyoosha mkono nikakichezesha kidole. Niliupeleka kutoka nyuma ya sikio lake, na nilitamani sana aseme. Ukapita sikio, ukapita jicho lenyewe, karibu uguse kope. Hakusema kitu. Alikuwa bado ananitazama puani.

Daktari akaeleza. Ni presha ya macho. Haiumi. Inaanzia pembeni, inakula ukingo wa kila kitu na kupunguza mwanga, na katikati panabaki pazuri, kwa hiyo mtu anaendelea kusoma na kuandika akidhani mzima. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, mpaka mwisho wa maisha. Ticha akauliza imeanza lini. Daktari akasema miaka mingi.

Tulikaa kwenye benchi la nje tukisubiri dawa. Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti yale yenye makovu. Watu walipita mbele yetu, na nikaona jinsi anavyowapata na kuwapoteza.

"Kwa hiyo kigoda hakikusogea," akasema.

"Hakikusogea, Ticha."

"Na wino wako?"

"Ulikuwa mweusi."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Alisema anataka kwenda kwa dada yake. Kisha akasema hapana, aanzie Kamunyonge, kwa sababu hawezi kumwomba arudi mahali ambapo watamuua.

Kesho yake aliwakusanya wale wanafunzi wachache waliobaki, nami niliombwa niwepo. Aliandika ile sentensi ubaoni, akaisimamia. Akawaambia ina kosa, na kosa si la sarufi. Akaikata kwa mstari, akaandika chini yake: "My eyes are growing dim." Akawaambia waiandike, waende nayo nyumbani, wawasomee wazazi wao, kisha watafsiri neno kwa neno, na mwisho waongeze kwa mdomo kwamba hakuna mtu aliyefanya. Binti mmoja alinyoosha mkono akauliza kama mzazi akibisha afanyeje. Ticha akasema aje hapa, apitishe kidole chake mwenyewe.

Wachache walikuja. Alikaa barazani, jicho moja amefunika, watu wazima wakipitisha vidole pembeni mwa uso wake kama wanaopima iwapo ng'ombe ni kipofu. Ilikuwa vigumu kutazama. Baadhi waliondoka wameamini, na yule mama aliyerudisha mboga alilia. Lakini bombani nilisikia mwingine akisema: kumbe alimwanzia kwenye macho. Na mwenzake akaitikia kwamba hata yeye alijua. Neno likishatoka na kukaa na watu, linakuwa lao, wanalifanyia wanavyotaka. Ticha alielewa hilo mapema kuliko mimi. Akampangisha mtu ile nyumba, akaondoka Kamunyonge kumfuata dada yake Butiama.

Nilimwona tena mwaka huu. Nilikuwa na kipaimara cha mtoto wa ndugu yangu Butiama, nikamchukulia na dawa zake za matone kutoka duka la dawa Musoma. Mji wa Mama Nyangeta uko chini ya mawe makubwa, na udaga wa muhogo ulikuwa umeanikwa juu ya mwamba, mweupe mpaka unaumiza macho. Redio ilikuwa inasema. Ticha alikuwa kwenye kiti kilichoelekea njia, shati limefungwa mpaka shingoni, amezeeka. Alipotambua sauti yangu akanyoosha mkono mbele.

"Kaa hapa mbele," akasema. "Huko pembeni hakuna watu."

Alinieleza kwamba sehemu iliyobaki ni kama kuangalia dunia kupitia kikombe kisicho na kitako. Aliichukua ile dawa, akapapasa kifuniko, akaniuliza kama nimehakikisha haijafunguliwa. Mama Nyangeta akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Akampokonya kichupa, akamwinamisha kichwa, akamtia matone. Ticha hakukisoma kikaratasi, wala hakuomba asomewe.

Tulipobaki jikoni wawili, nilimuuliza Mama Nyangeta alimpokeaje. Alisema kaka yake alishuka kwenye pikipiki pale uani, akasimama katikati ya kuku, akaanza kuongea Kiingereza. Yeye dada akamwambia kama amekuja na Kiingereza arudi nacho. Basi kaka akasema kwa Kizanaki, kwa lugha waliyokuwa wakiongea utotoni, na alisema muda mrefu. Alichosema hakuniambia. Aliniambia tu kwamba baadaye alimwekea maji ya kuoga, na kwamba yeye amemsamehe, lakini si kwa mara moja.

Walinisindikiza jua likiwa limeanza kushuka. Mama Nyangeta alitangulia, Ticha nyuma yake amemshika bega, nami pembeni ambako hanioni. Dada alikuwa anamtajia njia bila kugeuka: jiwe, mteremko, mzizi. Tulifika mahali ambapo barabara ni tambarare kabisa, udongo mwekundu uliopigwa na matairi, hakuna hata kokoto.

"Ruka," Mama Nyangeta akasema.

Ticha akakusanya suruali yake mkono mmoja, akaruka. Aliruka kwa miguu yote miwili, mtu mzima yule, akatua kwa kishindo mpaka vumbi likapanda. Niliangalia chini. Niliangalia nyuma. Hapakuwa na kitu. Mama Nyangeta aliendelea kutembea na mabega yake yanatikisika.

Tulipofika barabara kubwa, yeye alisogea mbele kunisimamishia gari. Nikabaki na Ticha. Sikujua kama ni kazi yangu kusema, lakini nilimwambia kwamba pale nyuma palikuwa pakavu, palikuwa sawa.

"Najua," akasema. "Pale ananirushaga kila siku. Acha anirushe."